Nilifufua Pijo ya baba, siri ikafufuka nayo

Kama ulilelewa upande huu wa Mlima Kenya na umri wako umevuka miaka arobaini, msomaji, bila shaka umewahi kubanwa katika kiti cha nyuma cha Peugeot 504, zile ndefu zenye safu tatu za viti, ambazo sisi tulizoea kuziita Pijo tu. Zilitoka Nairobi kwenda Nyeri, Embu, Nakuru na Kisumu kwa mwendo uliowafanya abiria wakumbuke sala zao zote. Baba yangu alikuwa na moja hapa Kianyaga. Aliinunua mwaka 1979, ikiwa imetumika kidogo, kwa pesa alizoweka tangu ile miaka ya neema ya kahawa, wakati baridi kali ya mwaka 1975 ilipoua mikahawa ya Brazil na bei ikapanda duniani kote. Wazee wa Kirinyaga bado wanaisimulia miaka ile ya 1976 na 1977 kama watu wanaosimulia harusi.

Baba hakuchagua gari hilo kwa bahati. Alikuwa mtu wa Safari Rally. Angeweza kukutajia, bila kufikiri, kwamba Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kwamba 504 ilishinda 1975 na tena 1978. Kwake yeye hiyo ilikuwa hoja tosha. Gari lililoweza kushinda matope ya Safari lingeshindwaje na matope ya Kianyaga?

Na kweli halikushindwa, kwa miaka kumi na saba. Lilibeba abiria, magunia ya mchele wa Mwea, wagonjwa wa kijiji usiku wa manane, na maharusi wasiohesabika. Lilisimama Desemba 1996. Tangu siku hiyo likakaa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, magurudumu yakazama udongoni, na kuku wa mama wakalifanya makao. Mama alikuwa akienda kuokota mayai kwenye kiti cha nyuma kila asubuhi, na nadhani kwa upande wake gari halikuwahi kuwa na faida kubwa kuliko hiyo.

Yaliyonifanya nilikumbuke ni mambo ya mwaka 2021. Juni ya mwaka huo Safari Rally ilirudi katika mashindano ya dunia baada ya miaka 19, ikafanyika Naivasha. Nilikuwa nimemtembelea baba, tukaitazama kwenye televisheni. Mfaransa Sébastien Ogier alishinda kwa Toyota. Baba, aliyekuwa na miaka 77, hakusema lolote kuhusu Ogier. Alitazama vumbi la Naivasha kwa muda, kisha akasema, kana kwamba anazungumza na ukuta, "Na letu linaoza pale nje."

Miezi michache baadaye kaka yangu akaniarifu kwamba kuna mnunuzi wa vyuma vikuukuu anayetoa Sh18,000 kwa gari zima, na kwamba mama amekubali. Baba alikuwa amenyamaza. Nikamwomba kaka anipe hadi Krismasi.

Kwa nini niliingilia? Nilimwambia kila mtu kwamba ni kwa ajili ya baba. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na yaliyobaki nitayaeleza yatakapofika mahali pake.

Pesa sikuwa nazo. Wazazi wenzangu watakumbuka mwaka ule: baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, mihula ilifupishwa na kubanwa pamoja, na karo ikawa inaitwa kabla ya ile ya kwanza kupoa. Nilipiga hesabu na mke wangu mezani, tukapata Sh35,000 ambazo zingeweza kupotea bila watoto kufukuzwa shule. Mke wangu alisema wazi kwamba zikiisha, zimeisha, na nisije nikamwambia habari za mkopo wa chama.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta marafiki. Wa kwanza alikuwa mwenzangu wa darasa la msingi, ambaye sasa ana matatu kati ya Kutus na Kianyaga. Yeye alitoa betri kila Jumapili, siku ambayo gari lake halifanyi kazi, na alitoa pia mikono yake miwili. Wa pili ni mchomeleaji wa pale sokoni, aliyeziba sakafu ya gari kwa mabati ya mtungi wa mafuta, akadai chakula cha mchana tu. Wa tatu ana kibanda cha vipuri katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Huyo aliniuzia seti ya gasketi kwa Sh7,000 na magurudumu manne yaliyotumika kwa Sh10,000, akanipa bure fenibelti na maneno ya kunitia moyo. Vipuri vya 504 havikuwa adimu kama nilivyohofia. Ufaransa iliacha kuunda saluni zake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganisha gari hili hadi miaka ya 2000, na kitu kilichoishi muda mrefu namna hiyo huacha mifupa mingi.

Lakini fundi? Vijana wa karakana za Kutus walikuja, wakafungua boneti, wakatazama ile injini iliyolala upande kama mtu aliyechoka, wakaulizana tundu la kuchomeka kompyuta liko wapi. Sikuwacheka. Mmoja wao, kijana mwerevu, alinivuta pembeni akaniambia, "Mzee, gari hili lina fundi mmoja tu hapa, na wewe unamjua."

Nilimjua. Kila mtu Kianyaga alimjua.

Alikuwa rafiki wa baba tangu utotoni, wa rika lake, walitahiriwa pamoja. Karakana yake ilikuwa kivuli cha mti na sanduku la spana, lakini watu walileta Peugeot zao kutoka Kerugoya na hata Embu. Novemba 1996 alibadilisha gasketi ya hedi ya gari letu. Wiki mbili baadaye baba aliondoka alfajiri na abiria kuelekea Nairobi, na kabla ya kufika Sagana injini ikafoka moshi mweupe na maji yakachanganyika na mafuta yakawa kama chai ya maziwa. Gari lilivutwa hadi nyumbani kwa trekta. Siku ya soko iliyofuata, baba alisimama mbele ya watu akamwita rafiki yake mwizi na mlaghai, na akaapa kwamba hatamlipa hata senti kwa kazi ile. Baada ya hapo wenye magari walianza kwenda Kutus. Kufikia mwaka 2000 fundi yule alikuwa ameuza spana zake nyingi na kurudi kwenye shamba lake la majani chai upande wa Kimunye. Wazee hawa wawili walikaa miaka 25 katika kanisa moja bila kupeana mkono.

Nilimwendea Jumamosi moja, Desemba 2021. Nilimkuta akipanga kuni. Nikamwamkia, nikamwita baba, kama ilivyo desturi kwetu kumwita hivyo mtu wa rika la mzazi wako. Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Baba yako amekutuma?"

"Hapana, baba. Nimekuja mwenyewe."

"Anajua?"

"Hajui."

Alipanga kuni mbili tatu zaidi. Kisha akasema, "Gari halikunikosea. Nitakuja kuliona."

Alikuja Jumapili alasiri, saa ambayo alijua baba yuko kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Nilipomwona akifungua boneti nilielewa kwa nini watu walimtoka Embu. Hakugusa kitu kwa dakika kumi nzima, akitazama tu. Kisha akaanza kufungua, na kila nati akaitia katika kopo lake, na kila kopo akaliandika kwa chaki. Hedi ilipotoka, rafiki yangu wa matatu akashika puli ya mbele ili azungushe injini aone kama pistoni zimeshika kutu. Mzee akampigia kelele iliyowatoa kuku wote garini. Alitueleza baadaye: katika injini hii slivu, yaani zile bomba za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikuundwa pamoja na injini. Zimetumbukizwa tu, na maji huzizunguka moja kwa moja. Hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukiiondoa na kuzungusha injini, pistoni huinua slivu, muhuri wa chini unaharibika, na maji yanaingia kwenye mafuta. Akachukua boliti, vipande vya bomba na waya, akazibana zote nne mahali pake kabla hajaruhusu mtu yeyote kusogea.

Kisha akaweka rula ya chuma juu ya hedi, akaniita nichungulie. Katikati, mwanga ulipita chini ya rula. Hedi ilikuwa imepinda.

"Hii ilipikwa," akasema. "Gasketi haikufa kwa kufungwa vibaya. Injini ilipikwa kwanza."

Akaingiza waya katika njia za maji kando ya slivu, akachokoa. Udongo ukatoka. Udongo mwekundu, laini, na ndani yake vipande vya majani makavu. Alimimina kidogo juu ya gazeti akautandaza kwa kidole. Ni lazima mjue kwamba tangu 1979 alikuwa amemfundisha baba kutia maji ya mvua tu katika rejeta, yaliyochujwa kwa kitambaa, na baba alilifuata agizo hilo kama amri ya kanisa.

Mzee alilitazama gazeti lile, akamtazama rafiki yangu wa matatu, akanitazama mimi. Hakuuliza swali. Alilikunja gazeti na udongo wake, akalitia mfukoni mwa koti, akasema tupeleke hedi Embu ikasawazishwe kwa mashine, na akaenda zake.

Sasa nifike mahali nilipoahidi.

Jumamosi ile ya Desemba 1996, siku mbili kabla ya baba kuondoka alfajiri, alinituma Embu kununua mbolea. Nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa na wenzangu watatu, mmoja wao akiwa huyu wa matatu. Tulipofika Embu tukaamua kuendelea hadi Chuka, ambako kulikuwa na sherehe, na kusema kweli kulikuwa na msichana. Wanaoijua barabara ya Embu kwenda Meru wanajua yale mabonde. Tukiwa njiani kurudi jioni, tukipanda kutoka mto Thuci, mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Sijui ulikuwa umelala hapo tangu lini. Nilikuwa nikitazama wenzangu kwenye kioo na kucheka. Injini ikaanza kugonga, ikazima yenyewe. Tulifungua rejeta kwa fulana, mvuke ukaruka juu kama moto wa nyasi. Hatukungoja. Mmoja akashuka mtoni na debe, tukamimina maji baridi ya Thuci, na udongo wake, katika injini iliyokuwa ikilia kwa joto. Ilifanya sauti ambayo naisikia hadi leo, kama sufuria iliyotumbukizwa majini. Baada ya nusu saa gari likawaka, likatufikisha nyumbani polepole. Nililiosha vizuri. Nikarudisha ufunguo.

Na siku ile ya soko, baba alipokuwa akimtukana rafiki yake mbele ya watu, mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi hivi kutoka kwao. Nilisikia kila neno. Nilijiambia kwamba nitasema jioni. Kisha nikajiambia kesho. Januari nikapata kazi Nairobi, na huko Nairobi ni rahisi sana kusahau, au kufanya kama umesahau.

Rafiki yangu wa matatu na mimi hatukulizungumza jambo hili kwa miaka 25. Siku ile ya udongo tulibaki chini ya mparachichi tukikusanya spana. Akasema, "Amejua." Nikasema, "Ndiyo." Akaniambia nikimtaka aandamane nami atakuja. Nilimshukuru nikamwambia hapana, kwa sababu ufunguo nilipewa mimi.

Nilienda kwa fundi asubuhi iliyofuata. Nilimweleza yote, Chuka na Thuci na debe. Nilitarajia hasira, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Yeye aliuliza swali moja la kifundi.

"Maji mlitia injini ikizunguka, au ilikuwa imezima?"

"Ilikuwa imezima, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana." Nikaona kwamba kwa miaka 25 mtu huyu alikuwa akifungua na kufunga injini ile kichwani mwake usiku, akitafuta ni boliti gani aliikosea. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya matusi yote ambayo angeweza kunitolea.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza kwa mkono. "Mimi nimesikia. Lakini hedi ile haitarudi juu ya injini mpaka baba yako ajue. Ikikaa hapo miaka mingine 25, na ikae."

Msomaji, nina watoto watatu, na huwa nawaambia waseme ukweli mapema. Ni ushauri mzuri. Sijui niliutoa wapi.

Nilimwambia baba jioni, jikoni, mama akiwepo. Alikuwa akinywa uji. Aliposikia jina la Thuci aliweka kikombe chini, na hakukishika tena. Nilipomaliza aliuliza kama fundi anajua. Nikasema anajua. Alisimama, akachukua kofia na fimbo. Kulikuwa kunaingia giza na njia ya Kimunye ni ya kupanda, nikamwambia nimsindikize au tumwite mtu wa pikipiki. "Kaa hapo," akasema. Ni maneno mawili tu niliyopata.

Mama hakunisemesha. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Baba alirudi saa nne usiku kwa pikipiki, na hakusema walizungumza nini. Hadi sasa hajasema. Lakini asubuhi tulipoamka, wazee wawili walikuwa wamesimama chini ya mparachichi wakitazama injini, mikono nyuma, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu kabureta. Baba alinigeukia na kuniambia kuna deni la kazi ya Novemba 1996 ambalo halikulipwa. Sh1,800. "Utalilipa wewe." Nilijaribu kusema kwamba Sh1,800 za 1996 si Sh1,800 za leo, nikataka kuongeza. Fundi akakataa kabisa. Alitaka kiasi kilekile, akazihesabu noti mbele yetu sote, akazikunja. Kazi mpya alisema tutaizungumza gari likitembea.

Kwa bajeti, hilo nalo lilikuwa pigo dogo. Hedi ilisawazishwa Embu kwa Sh3,500. Mipira ya breki, plagi, mafuta ya injini na kuziba rejeta vilikula Sh9,000 nyingine. Ukijumlisha na gasketi, magurudumu na deni la zamani, nilikuwa nimebaki na Sh3,700 za petroli na bima ya mwezi mmoja. Tangi tuliliosha sisi wenyewe, kwa kutia kokoto na petroli kidogo kisha kulitikisa watu wawili, mpaka kutu yote ikatoka. Rafiki wa matatu alikuwa akitikisa upande mmoja na mimi wa pili, na tulikuwa tukicheka kama wavulana, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya pamoja kwa muda mrefu.

Kuku walihamishwa kwa nguvu. Mama alidai banda jipya, na mchomeleaji akamtengenezea.

Liliwaka tarehe 30 Desemba. Halikuwaka kirahisi. Tulitia petroli kidogo moja kwa moja kwenye kabureta, stata ikazungusha mpaka betri ikalegea, tukalisukuma chini ya mteremko watu wanane, na likakohoa, likakohoa, likafoka moshi mweusi uliomfukuza mbwa wa jirani, kisha likashika. Baba alivua kofia. Fundi aliweka sikio karibu na injini akasema vali ya tatu inapiga kelele, tena kwa sauti ya kulalamika, lakini uso wake haukulalamika.

Mnunuzi wa vyuma alikuja mara moja tena Januari 2022, siku chache kabla Serikali haijapiga marufuku biashara ile kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umeme. Alikuta tairi zimejaa upepo, akageuza.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenda Kutus na kurudi. Nilisimama karibu na mlango wa dereva nikingoja. Baba alitoa ufunguo mfukoni, akautazama, akampa fundi, yeye akaketi mbele upande wa pili. Rafiki wa matatu na mchomeleaji wakachukua safu ya katikati. Mimi nilipewa safu ya nyuma, pale pa kuku, na debe la maji ya mvua magotini, yaliyochujwa kwa kitambaa.

Ufunguo sijapewa mpaka leo.